Kanisa ni watu, si kuta wala mnara

Je, mtoto wako akikuuliza leo jioni kanisa ni kitu gani, utamjibu vipi?

Huenda ukamnyoshea kidole jengo lile lenye msalaba karibu na kituo cha matatu. Wala hutakuwa peke yako, msomaji. Wengi wetu tunaoishi mijini tukisema tunaenda kanisani, tunachofikiria ni jengo: viti, madirisha ya rangi, kinanda na vipaza sauti.

Hata hivyo, mwezi wa Machi mwaka wa 2020 milango ya majengo hayo ilifungwa kote nchini kwa sababu ya maradhi ya Korona. Iliporuhusiwa kufunguliwa mwezi wa Julai, waumini wasiozidi 100 ndio waliotakiwa kukutana kwa wakati mmoja, tena kwa saa moja pekee. Watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani.

Katika siku hizo, jirani yangu mmoja, mama mjane anayeuza mboga, alikosa wateja. Kodi ya nyumba ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa. Jioni moja alisikia hodi mlangoni. Alikuwa mwanamke wa jumuiya yao ndogo ya mtaani, amebeba unga, mafuta ya kupikia na bahasha yenye pesa za kodi walizochanga. Baadaye aliponisimulia, mama huyo alisema alikuwa amedhani kanisa limefungwa, kumbe kilichofungwa ni mlango tu.

Naam, mama huyo alikuwa amelijibu swali la mtoto wako.

Neno lilianzia wapi?

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotumiwa humo ni ekklesia. Kabla ya Wakristo kulichukua, Wagiriki walilitumia kwa mkutano wa raia walioitwa kujadili mambo ya mji wao. Nalo neno letu "kanisa" tulilipata kutoka kwa Kiarabu, na mizizi yake katika Kiaramu ni ile ile ya kukusanyika. Kwa hivyo, ukifuata njia hii au ile, unakuta watu kwanza, jengo baadaye.

Historia pia inathibitisha hivyo. Katika miaka ya mwanzo, Wakristo walikutana nyumbani mwa wenzao. Wataalamu wa mambo ya kale walichimbua huko Dura-Europos, nchini Syria, nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa mahali pa ibada katika karne ya tatu. Ilikuwa na chumba cha kukutania na kingine cha ubatizo. Makanisa makubwa ya fahari yalianza kuenea baada ya mwaka wa 313, watawala wa Dola ya Kirumi walipowapa Wakristo uhuru wa kuabudu.

Wameitwa kufanya nini?

Ukifungua kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya pili, utaona waumini wa Yerusalemu wakifanya mambo manne: kujifunza mafundisho ya mitume, kushirikiana, kumega mkate na kusali. Waliokuwa na mali waliuza ili asiwepo mhitaji miongoni mwao.

Lakini usidhani walikuwa malaika. Katika sura ya sita tunasoma kwamba manung'uniko yalizuka. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugavi wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walalamishi wala kuwaita waasi. Waliwaita waumini wote, wakachaguliwa watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Tangu mwanzo, basi, sala na sahani ya mjane vilikwenda pamoja, na mnyonge aliruhusiwa kulalamika.

Hapa kwetu jambo hili halikusahauliwa. Mwaka wa 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na nchi jirani walikutana Nairobi na kutilia mkazo ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani husali pamoja na kusaidiana. Waprotestanti nao wana vikundi vyao vya ushirika vinavyokutana nyumbani.

Tena, kuna siku ambapo kuta zenyewe zilipata maana kwa sababu ya watu. Mwishoni mwa Februari mwaka wa 1992, akina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walianza kufunga kula katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Mnamo Machi 3, polisi waliwatawanya kwa marungu. Akina mama hao walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote lililo karibu. Waliendelea na kampeni yao humo hadi mwaka wa 1993, wakati ambapo wengi wa wafungwa hao walikuwa wameachiliwa.

Kanisa lipotezapo njia

Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Je, zizi likigeuka kuwa mtego? Mwaka wa 2023, taifa lilishikwa na simanzi miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ilizidi 400, na watoto walikuwa miongoni mwao. Inadaiwa kwamba waumini walishawishiwa kufunga kula hadi wafe. Mkasa huo umetufunza sote kwamba jina "kanisa" kwenye kibao halitoshi.

Kwa sababu hiyo, mzazi, na wewe mwanafunzi unayealikwa kwenye mikutano huko chuoni, usione haya kuuliza maswali. Je, mnaruhusiwa kumuuliza kiongozi kuhusu mafundisho yake, au anayeuliza huitwa mwasi? Sadaka zinahesabiwa na nani, na hesabu husomwa mbele ya waumini? Mgonjwa anaombewa na pia kupelekwa hospitali, au anakatazwa dawa? Unahimizwa kuipenda familia yako, au kujitenga nayo? Na ukitaka kuondoka, unaachwa uende kwa amani?

Debe tupu haliachi kuvuma. Vipaza sauti vinaweza kusikika mitaa mitatu ilhali anayeishi nyuma ya ukuta wa kanisa analala njaa. Kwa upande mwingine, watu kumi wanaokutana katika chumba cha mabati wanaweza kuwa kanisa kamili, maadamu wanamwabudu Mungu wao, wanafundishana kwa uwazi na wanajuana kiasi cha kutambua ni nani hayupo leo na kwa nini.

Basi, Jumapili ijayo ibada ikiisha, usikimbilie matatu. Mtazame aliyeketi kando yako. Kama humjui jina, msalimie na umuulize anaishi wapi. Kisha mtoto wako akiuliza kanisa ni nini, mchukue mwende mkamtembelee mtu huyo.