Daftari Uwanjani: Hesabu Zinavyobadili Kandanda

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa miaka mingi usemi huo ulidhaniwa kuwa ni wa wenye maduka peke yao. Wapenzi wa kandanda walitegemea jicho, kumbukumbu na kelele za jukwaani. Miongoni mwa watu wa kwanza kupeleka daftari uwanjani alikuwamo askari.

Tarehe 18 Machi 1950, Charles Reep, ofisa mhasibu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alikuwa akitazama mechi ya Swindon Town. Alichukizwa kuona mashambulizi yakipotea bure, moja baada ya jingine. Kipindi cha pili kilipoanza akatoa daftari na kalamu ya risasi, akaandika kila shambulizi na mwisho wake. Filimbi ya mwisho ilipolia, alikuwa amehesabu mashambulizi 147 ya Swindon.

Tangu siku hiyo Reep hakuacha kuhesabu. Mwaka 1951 aliishauri klabu ya Brentford, iliyokuwa katika hatari ya kushuka daraja, nayo ikasalimika. Mwaka 1968, yeye na mtakwimu Bernard Benjamin walitoa uchunguzi wa mechi 578. Waliona kwamba takriban mabao 80 katika kila 100 yalitokana na mashambulizi yasiyozidi pasi tatu. Kwa Reep shauri likawa wazi: kupigiana pasi nyingi ni kupoteza wakati, mpira upigwe mbele upesi. Walimu kadhaa wa Uingereza waliifuata njia hiyo, na vijana wengi wakafunzwa kupiga mpira mrefu badala ya kuutuliza.

Hesabu zilikuwa sahihi, lakini zilisomwa vibaya. Tuchukue mfano wa nyumbani. Banda la kwanza lina kuku 90, nalo limetoa mayai 80. Banda la pili lina kuku 10, nalo limetoa mayai 20. Je, mama mwenye nyumba atasema kwamba kuku wa banda la kwanza ndio watagaji bora kwa kuwa mayai yao ni mengi? La hasha! Atauliza kwanza kila banda lina kuku wangapi.

Ndivyo ilivyokuwa katika daftari la Reep. Zaidi ya mashambulizi 90 katika kila 100 aliyoyaandika yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Ikiwa mashambulizi hayo yalitoa mabao 80 tu katika kila 100, basi yale machache ya pasi nyingi ndiyo yaliyokuwa na baraka zaidi. Mwaka 2005, wataalamu Mike Hughes na Ian Franks walipima upya mechi za Kombe la Dunia za mwaka 1990 na 1994. Walipolinganisha mabao na idadi ya majaribio, waliona kwamba pasi nyingi zilizaa mabao zaidi kwa kila jaribio.

Siku hizi kazi ya daftari inafanywa na kamera na kompyuta. Kila mkwaju hulinganishwa na maelfu ya mikwaju iliyopigwa zamani kutoka mahali kama hapo, ili ijulikane ni mingapi iliyoingia wavuni. Penalti, kwa mfano, huingia zaidi ya mara tatu katika kila nne, lakini mkwaju wa mbali huingia kwa nadra sana. Kwa sababu hiyo timu nyingi kubwa zimepunguza kupiga kutoka mbali.

Hesabu hizo zimewafaa pia wanyonge. Brentford, klabu ile ile ya Reep, ilinunuliwa mwaka 2012 na Matthew Benham, aliyetajirika kwa takwimu za michezo. Kwa kuwa haikuwa na fedha za kushindana na matajiri, ilitafuta wachezaji waliopuuzwa na wengine. Mwaka 2017 ilimchukua Ollie Watkins kutoka Exeter City ya daraja la nne. Mwaka 2020 ilimwuza kwa Aston Villa, na mwaka 2024 kijana huyo aliifungia Uingereza bao la ushindi katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Brentford yenyewe ilipanda daraja la juu mwaka 2021, baada ya kukaa nje kwa miaka 74.

Ndugu msomaji, fundisho hili si la wanamichezo peke yao. Kituo cha polisi kilichoandika makosa mengi huenda kina wahalifu wengi. Au huenda kina karani asiyeacha kosa lolote bila kuliandika. Ukiletewa tarakimu, iwe kazini au jikoni, usiishie kuuliza ni ngapi zilizofaulu. Uliza pia ni ngapi zilizojaribiwa.