Zanana Imekwenda na Majumba ya Sinema

Mwulize kijana wa Mombasa wa siku hizi maana ya zanana, atakukodolea macho. Mwulize bibi yake, utamwona anatabasamu. Zanana lilikuwa onyesho la sinema la wanawake peke yao, mchana katikati ya wiki, wakati waume wako makazini.

Mimi nililijua kwa sababu ya shangazi yangu. Miaka ya 1970, nilipokuwa na umri wa miaka saba, alinichukua nimbebee mfuko wa njugu na bajia. Tulitoka Mji wa Kale kwa miguu, mabuibui yamejaa njiani kama watu waendao arusini. Ndani ya jumba mabuibui yalilegezwa, na arusi yenyewe ikaanza! Mother India ilitengenezwa mwaka 1957, lakini ilirudiwa kila mara, na kila mara kina mama walilia na Nargis na kumtukana kwa Kiswahili yule mkopeshaji fedha. Kihindi hawakukijua, wala hakuna aliyekosa kufahamu. Filamu ilianza mapema ili kila mtu awe nyumbani kabla ya Magharibi.

Siku moja bawabu alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema, "Mama, huyu keshakuwa mwanamume." Nikakaa nje mpaka mwisho, nikisikiliza nyimbo ukutani.

Wapo masheikh waliokataza sinema tangu mwanzo, nami sibishani nao. Nasema niliyoyaona. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipotia maneno ya Kiswahili katika tuni za filamu za Kihindi, masikio ya mama zetu yalikuwa yamekwisha kuzizoea tuni hizo gizani.

Regal, Naaz, Majestic, Moons, Lotus, Kenya: majina haya watu wa makamo huyataja kama mitaa. Mwenye jumba alikuwa na gharama zake, filamu ya kukodi, umeme, mishahara na kodi, nazo hazikupungua hata viti vikiwa vitupu. Mchana wa katikati ya wiki ungekuwa wa hasara kama si wanawake hawa na watoto wao.

Kisha miaka ya 1980 vijana wetu wakaanza kurudi kutoka Uarabuni na mashine za video. Mjomba wangu alileta moja, na sebule yetu ikajaa majirani mpaka ukumbini. Kanda moja ya kukodi ilitazamwa na nyumba nzima kwa bei isiyofika ya tikiti mbili. Nani tena atavaa buibui atembee juani? Baadaye kila nyumba ikapata mashine yake, na hata majirani wakaacha kuja. Mwenye jumba naye, alipowakosa kina mama, akazidisha filamu za ngumi na nyingine zisizotazamika mbele ya wazee. Basi hata familia za sikukuu ya Idi zikajitenga.

Sinema haikufa kabisa. Nyali Cinemax ilijengwa ng'ambo ya daraja, na majumba yote nchini yalipofungwa kwa amri mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, wapo waliosikitika. Vibanda vya video navyo vimesikika mitaani kwa sauti ya DJ Afro akizisimulia filamu kwa Kiswahili chake cha kuchekesha. Lakini kibandani huketi vijana wa kiume, na sijamwona mama wa Kibokoni akipiga foleni hapo.

Shangazi yu hai, amepita miaka themanini. Juzi nilimwekea Mother India katika simu yangu. Alitazama kwa muda wa dakika kumi, akanirudishia.

"Wenzangu wako wapi?" akaniuliza.

Nikaanza kumhesabia. Mmoja yuko Maskati kwa mwanawe, wawili wametangulia mbele ya haki.