Fahamu: Deni la shahada ya saikolojia hulipwa kwa muda gani?
Kijana wa Bukene, wilayani Nzega, anayetaka kusomea saikolojia kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) aanze na asilimia 15. Hayo ndiyo makato ya mshahara wa msingi kwa mnufaika aliyeajiriwa. Tuseme analipwa shilingi 700,000: kila mwezi zinakatwa 105,000, na deni la milioni 12 litaisha baada ya miaka tisa na nusu hivi. Heri ya sasa, maana tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyolivimbisha deni kila mwaka, ilifutwa 2021.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ajira. Aliyejiajiri naye hudaiwa, walau 100,000 kwa mwezi, hata kama wateja wa ushauri nasaha hawajapatikana.