Pampu Iliyosonya Mweiga

Shemeji yangu anayeishi Mweiga, kule Nyeri karibu na milima ya Aberdare, alisonya. Pampu iliyokuwa mbele yake nayo ikasonya. Mimi nikainamisha kichwa, maana pampu ile niliipakia mwenyewe kwenye basi kutoka Mombasa, nikiisifu njia nzima. Kwangu ilikuwa ikivuta maji kwenye kisima cha mita 7 bila taabu. Kisima chake nacho ni mita 7. Lakini hakuna hata tone lililotoka. Ilikwaruza tu, kama mkebe uliotiwa kokoto.

Kosa langu lilikuwa kwenye neno "kuvuta". Pampu inayokaa juu ya kisima haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya bomba, basi. Hewa ya nje, iliyoyalalia maji kule chini, ndiyo inayoyasukuma yapande. Ndivyo tunavyokunywa soda kwa mrija. Wazee wetu waliopiga chuku walilitumia jambo hilo hilo: muumikaji anafyonza hewa kwenye pembe, na ngozi inavimba kuingia ndani kwa kuwa shinikizo la upande wa pili limebaki vilevile. Hata msonyo wa shemeji ulikuwa hivyo. Kinywa kikipanuka ndani, hewa ya nje hukimbilia kuingia penye mwanya wa meno, na mbio hizo ndizo sauti tunayoisikia.

Basi swali ni hili: hewa ina nguvu kiasi gani? Katika miaka ya 1640, Mtaliano Evangelista Torricelli alionyesha kwamba hewa hubeba nguzo ya zebaki ya takriban milimita 760. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu hivi, kwa hiyo nguzo ya maji itafika kama mita 10.3. Hapo ndipo mwisho, hata ulete injini ya meli. Ukitoa msuguano wa bomba na mahitaji ya pampu yenyewe, hapa Pwani unabaki na mita 7 au 8.

Sasa panda Mweiga, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya kule ni nyepesi. Shinikizo lake ni kama asilimia 80 ya letu. Mwisho wa maji unashuka hadi kama mita 8 kwa hesabu, na kwa kazi halisi ni mita 5 au 6. Mita 7 za Mombasa si mita 7 za Mweiga.

Na ule mkwaruzo? Shinikizo likipungua sana, maji huchemka hata yakiwa baridi. Vipovu vya mvuke huzaliwa, kisha hubonyea kwa kishindo ndani ya pampu, na polepole hula chuma. Ukisikia kokoto, zima.

Dawa ni pampu ya kuzamishwa majini. Hiyo husukuma maji kutoka chini, haingoji msaada wa hewa. Kuna wanaojaribu njia ya mkato: kuteremsha injini ya petroli ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Tafadhali, ndugu zangu, msifanye hivyo. Moshi wake hujaa shimoni, na anayeufuata huko chini huenda asitoke hai.

Kabla ya kununua, funga jiwe kwenye kamba upime, wakati wa kiangazi, kutoka pampu itakapokaa hadi uso wa maji. Kisha uliza mji wako uko juu kiasi gani. Mimi sikuuliza. Niliipigia pampu chuku toka Mombasa hadi Nyeri, na nauli ya kuirudisha nililipa mimi.