Tembo Wakioga Mtoni

Ukibahatika kufika Tarangire wakati wa kiangazi, mwombe dereva azime gari mbele ya mto. Tembo hushuka kwa familia, jike mzee akitangulia. Wakishakunywa hujimwagia maji kwa mkonga, kisha hujipaka tope na vumbi, kinga yao dhidi ya jua na wadudu. Mtoto mchanga, aliyebebwa tumboni miezi 22, bado hajui kuutumia mkonga wake. Huinama akanywa kwa mdomo, mama amesimama ubavuni.

Hayo huyaoni ukiwa umekodolea kioo cha simu. Piga picha mbili, zinatosha. Wala usimshawishi dereva aingie kati ya mama na mtoto eti upate picha ya karibu.

Kanisani nako ni vilevile. Namimina maji ya ubatizo, mtoto analia, na msimamizi, aliyetoka kuahidi mbele ya Mungu kuwasaidia wazazi, ameinua simu juu. Mshumaa kashikiwa na jirani. Baada ya mwaka nikimwuliza mtoto anaendeleaje, hufungua simu anionyeshe picha ya siku ile.