Je, Akili ya Mtoto Hupimika?

Katika chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichoko Chang'ombe, Dar es Salaam, vijana wanaojiandaa kuwa walimu husomeshwa elimu ya nafsi, ambayo wengi huiita saikolojia. Yatupasa nasi wazazi tujue elimu hiyo ilianzaje, kwani vipimo vyake huwahusu watoto wetu.

Mambo ya nafsi yalizungumzwa na wenye hekima tangu kale. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki yapata mwaka 1040, alichunguza jinsi jicho linavyoona na jinsi akili inavyokihukumu kilichoonwa. Lakini kuipima nafsi kwa hesabu kulikuja baadaye sana. Huko Ujerumani, Ernst Weber alichunguza jinsi mkono unavyohisi uzito. Aliona ya kuwa mwenye kushika furushi jepesi hutambua akiongezewa kijiwe, bali mwenye furushi zito hatambui. Mwaka 1860 Gustav Fechner alitoa kitabu kilichoitia kanuni hiyo katika hesabu. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt akafungua maabara mjini Leipzig, ambamo ulipimwa muda anaouchukua mtu kuitikia sauti au mwanga. Tangu hapo elimu ya nafsi ikahesabiwa miongoni mwa sayansi.

Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon wa Paris walitunga mtihani wa akili, ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Binet mwenyewe aliikataa kauli ya kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka.

Ushahidi wa jambo hili tunao hapa kwetu. Robert Sternberg na wenziwe waliwapima watoto wa shule za karibu na Bagamoyo, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyaendea maswali, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, kama walivyoeleza mwaka 2002. Basi mtihani wa kwanza haukuonyesha uwezo wote wa watoto wale.

Enyi wazazi, mtoto akirudi na alama mbaya tusiharakishe kumwita mjinga, kwani neno hilo huweza kumkaa moyoni muda mrefu kuliko somo lenyewe. Tumwulize ni lipi hakulifahamu, tukae naye, na tushauriane na mwalimu wake. Nanyi vijana, msikate tamaa kwa mtihani mmoja: umepima mliyoyajua siku ile, haukupima mtakayoweza kujifunza kesho.