Simu yangu ililia katikati ya igizo

Kwa miaka mitatu jirani yangu kwenye ploti amekuwa akinialika nikamwone akiigiza, na kwa miaka mitatu sijawahi kukosa kisingizio. Ati nauli imepanda. Ati kuna mechi. Kusema kweli, sikuona haja ya kununua tiketi ilhali filamu zimejaa kwenye simu. Kwangu tamthilia ilikuwa kitabu teule tu: unakariri wahusika na maudhui, unajibu maswali ya KCSE, unasahau.

Jumamosi moja visingizio viliniishia. Nikapanda matatu hadi mjini, nikatembea hadi Kenya National Theatre, mkabala na hoteli ya Norfolk. Nilikuwa nimevaa shati langu la harusi, nikidhani hapo ni pa mabwanyenye. Kumbe wasee wengi walikuja na jinzi na raba zao.

Kabla ya kuanza, tuliombwa tuzime simu. Yangu nikaisukuma tu mfukoni.

Taa zikazimwa. Mwanzoni nilikuwa nangoja mtu asahau maneno nimcheke. Kisha akaingia jirani yangu, yule tunayegombania mfereji wa maji kila asubuhi. Sasa alikuwa mama ambaye mwanawe ametoka nyumbani na hajarudi. Aliongea polepole, na ukumbi mzima ukatulia tuli.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Tena gengetone, kwa sauti ya juu! Nikahangaika nayo gizani, jasho likinitoka.

Jukwaani, mama yule alinyamaza. Akageuka upande wangu, akasema taratibu, "Huenda ni yeye anapiga." Akangoja hadi nikaizima. "Si yeye."

Dada aliyeketi kando yangu akaanza kulia. Mimi pia, bana, koo lilinikaba. Maneno hayo hayakuwa kwenye mchezo.

Siku hiyo nilielewa kwa nini igizo liliwahi kuitia serikali hofu. Mnamo 1977, wakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ilipigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka wa 2022 ikaigizwa papa hapa Kenya National Theatre. Kitabu unakisoma peke yako chumbani. Igizo mnalipokea pamoja, na anayeigiza anawasikia mkicheka, mkiguna, mkilia.

Baada ya onyesho nilimsubiri nje nimwombe radhi.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Huo mlio si ndio huniamsha kila siku?"

Kijana mwenzangu, ukienda, fika mapema na uzime simu kabisa. Mimi nimesamehewa kwa sharti moja: onyesho lijalo nimnunulie mamake tiketi. Naye pia ana visingizio vya miaka mitatu.